Kabla Hujampangia Mtoto wa Watu

Kuna siku moja naikumbuka kuliko zote nilizoishi hapa Minnesota, mwanangu, na leo tangu asubuhi imenikaba roho. Nimeosha vyombo visivyo na uchafu. Nimefungua friji, nimefunga, nimefungua tena, na sitafuti kitu. Nawe umekaa hapo na simu yako unaniambia, "Mum, relax, ni watoto tu. Nitawasaidia hesabu mpaka Desemba, Januari nahamia Chicago anyway." Ni watoto tu! Haya, weka hiyo simu chini unisikilize, kwa sababu kesho unaenda kukabidhiwa mtoto wa watu, na mimi siwezi kukaa mpaka nikwambie.

Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu papa hapa Minneapolis. Sijaolewa, wala sijui kama baba yako yuko duniani. Nilikuwa mwembamba, mbishi na mjuaji. Wembamba umekwenda, hayo mengine yapo, usicheke. Chuo chetu kilikuwa na mpango kama huo wenu: mara mbili kwa wiki tunakwenda shule moja ya kusini mwa mji masomo yakiisha, kila mmoja anapewa mtoto wake, amsaidie kusoma, aongee naye, awe kama dada mkubwa. Watoto wenyewe walikuwa wenyeji wa asili wa nchi hii, Waojibwe na Wadakota. Mimi niliingia pale nikiwaita Wahindi Wekundu, vile tulivyofundishwa darasani Bungoma, nikakatazwa siku ya kwanza mbele za watu.

Nikapewa Kayla. Msichana wa darasa la nane, mrefu, nywele zimesukwa mkia mmoja unaofika kiunoni, anaishi na nyanya yake. Ukimsalimia anaitika kwa kichwa. Lakini umwekee hesabu mbele, wacha we! Nilikuwa najifanya nakwenda chooni ili nikaitafute njia ambayo yeye ameshaipata. Shida yake ilikuwa moja, na kila mtu pale aliijua: alikuwa ametangaza kwamba darasa la nane likiisha, naye ameisha na shule. Haendi high school ng'o. Kazi yangu, kwa maneno ya mratibu wetu, ilikuwa kukaa karibu naye ili akibadili mawazo asikose wa kumwambia.

Wenzangu, Wamarekani weupe, walikuwa wanalalamika kwamba watoto hawawaangalii machoni. Mimi nikawacheka. Kwetu nani anamkodolea mkubwa macho? Nikaona wazee wanapakuliwa chakula kwanza. Nikaona mtoto anamwita shangazi yake mama. Nikajiambia, aah, hawa ni watu wetu, hawa nawajua, sihitaji kuelezwa. Na hapo ndipo mtego uliponinasa, mwanangu. Wenzangu kwa sababu hawakujua kitu, waliuliza. Mimi kwa sababu niliona tumefanana, sikuuliza. Wazee walisema kuuliza si ujinga, lakini mtu akijiona mwenyeji hukumbuka methali hiyo?

Basi nikaanza kumpangia. Sikuwa mtu wa kungoja. Nilimsumbua mwalimu wangu mmoja chuoni mpaka akanitafutia shule huko mashariki ya nchi, shule ya bweni ya watoto wenye akili, wanaweza kumpokea Kayla bila ada. Bodingi! Nilitoka ofisini kwake karibu niruke. Kwetu mtoto akiitwa bodingi nzuri kijiji kizima kinacheza. Kayla mwenyewe sikumwambia. Nilitaka nimwambie nyanya yake kwanza, kama inavyopasa, mtoto asikie kwa mkubwa wake. Unaona? Hata adabu nilikuwa nayo. Nilichokosa ni kujua.

Mwezi wa tatu shule ikaandaa chakula cha jioni cha familia zote. Nje theluji bado imelala. Ndani kuna supu ya mchele wa porini, na mikate ya kukaanga inayofanana na mandazi ya kwetu, na vijana ndio wanaowapelekea wazee sahani. Mimi nikashika sahani kwa mikono miwili, nikainama kidogo, nikampelekea nyanya yake Kayla. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana, mwenye miwani mikubwa na sauti nzito. Akanitazama kutoka juu hadi chini.

"Wewe unabeba sahani kama mtu aliyelelewa," akasema. "Nani alikulea?"

"Nyanya yangu," nikamjibu. "Halafu bodingi. Bodingi ndiyo iliyonifanya mtu."

Akaweka kijiko chini. Mwanangu, mwenye macho angenyamaza hapo. Mimi nikavuta kiti.

Unajua sisi Wakenya tukikutana hatuna hadithi tamu kuliko za bodingi. Nikamsimulia yote, nacheka. Vile nilivyopelekwa mdogo, nalia, na sanduku la bati kubwa kuliko mimi. Vile tulivyonyolewa upara siku ile ile, tukashindwa kutambuana. Kengele kabla ya jua. Maji baridi. Na ukikutwa unaongea Kibukusu, lugha ya mama yako, unavalishwa kibao shingoni, unatembea nacho kutwa mpaka umkamate mwingine. Nilimwonyesha hata namna tulivyokuwa tunakificha kibao chini ya sweta! Nikacheka peke yangu. Meza nzima ilikuwa imenyamaza, nami nikadhani wamenogewa.

"Na sasa," nikasema, "nina habari njema. Kayla nimemtafutia nafasi bodingi, mbali huko mashariki. Watamchukua, ana akili sana." Kisha, Mungu wangu, nikaunyanyua ule mkia wa nywele za mtoto nikatania, "Ila hizi, ingekuwa kwetu, zingeisha siku ya kwanza!"

Nyanya akasimama. Hakupaza sauti. Akavaa koti lake, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni, akasema, "Kayla, twende." Kayla akachukua mkoba wake. Akaniangalia machoni, mara ya kwanza tangu tujuane, nikatamani asingeniangalia.

Wiki iliyofuata hakuja. Iliyofuata tena hakuja. Nikauliza, nikaambiwa hata shuleni haonekani, asubuhi wala mchana. Yaani hakungoja darasa la nane liishe. Mwanangu, sikuweza kutulia. Darasani nilikuwa nakaa ukingoni mwa kiti. Kwenye basi nilipitiliza kituo, nikashuka mbali, nikarudi kwa miguu nikibishana na hewa. Nimekosea wapi? Mimi nimemletea zawadi! Kuna wakati nilikasirika hata na yule bibi mzima. Nikasema moyoni, watu hawa hawataki kusaidiwa. Ndiyo, nilisema hivyo. Wewe pia utajisikia ukisema hivyo siku moja, na siku hiyo unyamaze haraka.

Mratibu wetu, mwanamume wa Kiojibwe asiye na maneno mengi, ndiye aliyeniketisha. "Hakuna aliyekwambia shule za bweni zilikuwa nini kwetu?" akaniuliza. Nikatikisa kichwa. Akanieleza polepole, kama unavyomweleza mgonjwa. Watoto walichukuliwa majumbani kwao, wengine wakinyakuliwa mikononi mwa mama zao. Walikatwa nywele. Walipigwa kwa kuongea lugha yao. Wengine walizikwa huko huko. "Nyanya yake Kayla alichukuliwa mdogo, yeye na dada yake," akasema. "Alirudi peke yake."

Sanduku, wembe, kengele, kibao. Hakuna kidonda chake nilichokiruka, na vyote nilivitaja nikicheka. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, lakini mimi sikumpelekea ung'ongo, nilimpelekea nyoka mwenyewe juu ya sahani, kwa mikono miwili, nikainama.

"Nifanye nini?" nikamwuliza. Nilitaka kukimbia kwenda kwa yule bibi saa hiyo hiyo, nipige magoti, nilie. Mratibu akanizuia. Akasema kwao ukitaka neno kwa mzee unampelekea tumbaku, unaiweka mbele yake, unasema unachoomba. Akiichukua, amekubali ombi lako. Asipoichukua, urudi kwako, na usibishane.

Tumbaku! Mimi, binti wa mzee wa kanisa! Nilikwenda kuinunua kwenye duka la kituo cha mafuta Richfield, nimevuta kofia mpaka kwenye nyusi, maana mama mmoja wa kanisani angeniona hapo, habari ingefika Bungoma kabla sijapanda basi. Muuzaji akaniuliza ya aina gani. Nikamwambia ya kumpa nyanya. Halafu njiani nikakumbuka kumbe hata nyanya yangu mimi, ukitaka akusimulie kitu, ulimletea ugoro kwanza. Nilikuwa nimesahau kabisa. Nilisahau mengi ya nyanya yangu huko bodingi.

Jumamosi asubuhi nikabisha mlango. Nyanya akafungua, akanitazama, akarudi kukaa bila kusema ingia wala toka. Nikaingia. Kayla alikuwa amekaa sakafuni kati ya magoti yake, anasukwa nywele. Nikaweka tumbaku mezani. Vidole vya bibi havikusimama.

"Waliokuja kunichukua," akasema, "hawakuja na sura mbaya. Walikuja wakitabasamu kama wewe. Walimwambia mama yangu, huyu ana akili sana."

Ubishi wangu ukanishinda nikasema, "Lakini kwetu ni tofauti, nyanya. Mama yangu alinipeleka mwenyewe. Alijinyima ili nisome."

"Nakuamini," akasema. "Kwako huenda ilikuwa njema. Huko ulikuwa unamlilia nani?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hilo. Katika hadithi zote hizo tunazochekana, hakuna anayeuliza. Nikasema, "Nyanya yangu. Alifariki nikiwa shuleni. Sikuambiwa mpaka nilipofunga shule, nikakuta majani yameshaota kaburini." Nikalia, mwanangu. Nililia kama mtoto, kwa nyumba ya mtu niliyemkosea. Aliniacha nilie mpaka nikamaliza mwenyewe.

"Umekaa na mtoto huyu tangu majani yaanguke," akasema kisha. "Umemwuliza hesabu. Umewahi kumwuliza anataka nini?"

"Hapana."

"Umejua kwamba mimi macho yangu yanaondoka, na yeye ndiye anayenisomea, ndiye anayenishika mkono kwenye barafu? Ukampangia safari. Mtoto si mzigo wa kuhamisha kwa sababu umeona ghala zuri zaidi." Akaelekeza kidevu mezani. "Hiyo ya nini? Unaomba nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha. Badala yake nikajikuta nasema, "Naomba niendelee kumfundisha. Hapa, kwenye meza hii, wewe ukiwepo."

"Mpaka lini?"

Hapo sasa. Nilitaka kusema mpaka mwezi wa tano, maana mpango wetu uliisha mwezi wa tano. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo sikuwa nimemwambia mtu pale: nilikuwa nimepata nafasi ya kusomea unesi Dallas, kule Texas, binamu yangu yuko huko, Agosti nahama. Nikatazama dirishani, na bibi akaelewa.

"Kila mwaka inakuja sura mpya," akasema. "Inajifunza jina la mtoto, inapiga naye picha, theluji ikiyeyuka imekwenda. Kayla amekuwa na wengine kabla yako. Aliwachorea kadi za Krismasi."

Ndipo Kayla akasema, bila kugeuza kichwa, maneno marefu kuliko yote niliyowahi kuyasikia kwake. "Sitaki mwingine tena. Kila nikizoea mmoja anaondoka, halafu wananiambia mimi ndiye siipendi shule. Kama na huyu anaondoka, aondoke leo."

Basi, mwanangu, ndipo nilipojua kwa nini mtoto yule alikuwa anaikimbia shule. Haikuwa hesabu. Ilikuwa sisi. Sisi wema, sisi wenye beji shingoni, tuliokuja kumwokoa.

Nikaropoka, "Nilikuwa niende Texas Agosti. Siendi tena."

Unadhani bibi alifurahi? Alinikemea. "Usiniahidi kwa sababu umeona haya. Haya ikipoa utatuchukia. Nenda ukafikirie. Tumbaku itakaa hapo hapo." Akageukia nywele za mjukuu wake. Nikatoka.

Wiki ile sitaki hata kuikumbuka. Nilipiga simu Dallas nikakata kabla haijaita. Nilimpigia mama Bungoma, akaniambia, "Wewe umekwenda Amerika kusoma au kulea?" Binamu yangu akaniita mjinga, na huenda alikuwa na haki. Nilitembea kandokando ya ziwa kwenye upepo ule wa mwezi wa tatu mpaka masikio yakafa ganzi. Sikuwa na mtu wa kuniambia hili ni jema na hili ni baya, maana yote mawili yalikuwa mema. Hata kuondoka hakukuwa dhambi. Ijumaa nikapiga simu Dallas, nikangoja ipokewe, nikasema nafasi yangu wampe mwingine.

Jumamosi nikarudi. Tumbaku ilikuwa pale pale, imesogezwa tu kupisha vikombe. Nikasema, "Naomba nimfundishe mpaka amalize high school. Nikishindwa, nitakuja kusema kwa mdomo wangu." Bibi akanyoosha mkono, akaichukua, akaitia mfukoni mwa aproni. Kayla akaenda chumbani, akarudi na kitabu cha hesabu. Jumatatu alikuwa darasani.

Nisikudanganye kwamba ilikuwa asali tupu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Darasa la kumi Kayla aliacha shule majira ya baridi yote, akakataa hata kutoka chumbani nikija. Nikaja hivyo hivyo. Nilikuwa namenya viazi na nyanya yake, namsomea gazeti, narudi zangu. Kuna siku niliona nimetupa maisha yangu. Binamu yangu akawa nesi kabla yangu, na alihakikisha nimejua. Halafu asubuhi moja theluji inayeyuka, Kayla akatoka chumbani, akasogeza maganda ya viazi, akakaa. "Tuliishia wapi?" akasema. Hivyo tu.

Siku aliyohitimu, nyanya yake, macho yakiwa karibu yamefunga kabisa, alimfunga manyoya ya tai, heshima kubwa kwao, kwenye zile nywele kwa kupapasa. Wakaitwa ndugu wa Kayla wasimame naye. Mimi nikabaki kwenye kiti changu, nikijua nafasi yangu. Bibi akasema kwa ile sauti yake nzito, ukumbi mzima ukasikia, "Mbona mmoja amekaa?"

Siku ile, mwanangu, ndiyo hiyo iliyonikaba tangu asubuhi.

Basi nasaha yangu ni hii, na ninaisema nikiwa nimesimama kwa sababu kukaa kumenishinda. Kesho utakapomkuta huyo mtoto, usiende na mpango. Muulize. Akinyamaza, nyamaza naye, usijaze kimya chake na hadithi zako. Ukiona mmefanana, hapo ndipo uulize zaidi, maana kufanana si kujuana. Mjue anayemlea kabla hujamshauri lolote, kwa kuwa ng'ombe haelemewi na nunduye, na unaloliona wewe kuwa mzigo huenda ndilo linalomsimamisha. Akili yako nzuri ni mali ya shule, lakini mtoto anataka kujua jambo moja tu kwanza: utakuwepo?

Na usiniangalie hivyo. Sijasema usiende Chicago. Wewe si mimi, na maisha yako si ya kulipia ya kwangu. Nimesema usiende kimya kimya. Kesho, kabla hujafungua kitabu, mwambie mtoto na mkubwa wake: nipo mpaka Desemba. Mwache aamue kama Desemba inamtosha. Akisema hapana, mshukuru, urudi nyumbani, na usibishane. Akisema ndiyo, basi uende kila siku uliyosema, theluji ije, mtihani uje, mchumba aje.

Mungu wa nyanya zangu na nyanya zao akutangulie mlangoni. Akufunge mdomo panapotaka sikio. Upokewe na wenye nyumba, usiwaachie kidonda, na siku majina ya ndugu yatakapoitwa mahali usikotegemea, awepo wa kuuliza mbona wewe umekaa.